Samoni wa kopo wa Alaska: bei imechangamka, ila kwa huyu mi nalipa

Haya wapendwa, mlioniuliza kuhusu yale makopo ya samoni mwekundu, ile aina inayoitwa sockeye, yanayouzwa kwenye maduka ya vyakula vya nje huku Masaki na Oysterbay, nimenunua, nimekula, watoto wamekula, hata mama mkwe aliyeshuka na basi kutoka Musoma kala na kaomba aongezewe. Jibu langu ni hili, chukua kopo, achana na ule mnofu wa pinki unaong'aa kwenye friza la vioo. Najua mnofu ndo unatoa picha nzuri. Achana nao tu, sababu nitaeleza, na maelezo yenyewe yatazunguka kidogo maana inabidi tupitie mito ya huko kaskazini kabla hatujarudi jikoni.

Tuanze na kopo lenyewe. Ni lile fupi la gramu 213, bei elfu ishirini na kitu kutegemea na duka, na ndiyo, najua, kwa hela hiyo ukidamkia Feri unarudi na samaki wa kulisha nyumba nzima na nauli ya bajaji inabaki. Kwenye viambato wameandika vitu viwili, samoni na chumvi. Hamna mafuta ya kuongezea, hamna nyanya, hamna yale maji mengi ya kudanganyia uzito. Ukifungua usishtuke, ngozi ipo, mifupa ipo, na zile pingili za uti wa mgongo zimekaa katikati kabisa. Kiwandani samaki anakatwa mbichi, anashindiliwa kwenye kopo na chumvi kidogo, kopo linazibwa, afu anapikwa humohumo ndani kwa mvuke wa presha, kwa hiyo yale mafuta ya rangi ya machungwa unayoyaona yanaelea ni yake mwenyewe, na mifupa inalainika mpaka unaisaga kwa vidole viwili. Mwanangu mdogo anazitafuta zile pingili kwanza kabla ya nyama. Msizitupe, kalisiamu iko humo. Mara mojamoja utakuta vichembe vigumu vinang'aa kama vya chupa iliyovunjika, watu wanapiga kelele wanadhani kiwanda kimewawekea vioo, kumbe ni madini yanayojitengeneza yenyewe humo ndani ya kopo. Vipashe moto taratibu na siki kidogo, vikiyeyuka ujue ndo hivyo, visipoyeyuka rudi dukani na risiti yako ya EFD.

Ladha sasa. Nyama nyekundu kweli, imeshikana, inaachia kwa matabaka, na ina uzito mdomoni, ukimeza unajua umekula samaki wala si pamba. Nimemtengenezea katlesi na viazi, kitunguu, giligilani na pilipili mbuzi, zikaisha kabla chai haijamiminwa. Nimemla hivihivi na kachumbari na ugali wa moto, safi sana. Kwenye mchuzi wa nazi hapana, nazi na mafuta yake vinagombana, unabaki na kitu kizito halafu hela yako imepotea humo. Na chumvi angalieni, ipo ya kutosha, usiongeze hata punje mpaka umeonja.

Sasa ule wekundu. Hauji na rangi ya kiwandani, ni chakula alichokula baharini, vile vidudu vidogo jamii ya kamba. Samoni anazaliwa mtoni kwenye maji baridi, anashuka baharini anakua huko miaka kadhaa, afu siku ikifika anarudi mto uleule aliozaliwa, anaunusa, yaani pua ndo inamwongoza, na akishaingia maji baridi ya mto anaacha kula. Anapanda anapambana na mkondo kwa mafuta aliyojiwekea mwilini. Huyu mwekundu akiwa njiani anageuka, ngozi inakuwa nyekundu, kichwa kinakuwa kijani, ile rangi ya nyama inahamia kwenye ngozi na mayai, nyama inabaki imepauka, akishataga anakufa. Kwa hiyo kopo likiwa na nyama nyekundu ya kushiba ujue alivuliwa pale karibu na mdomo wa mto, bado ana mafuta yake yote. Mimi nikifungua kopo naangalia hapo kwanza.

Na hapa ndo nikaja kugombana na duka. Jina sitaji, wenyewe wakisoma watajijua. Nimesimama kwenye friza, minofu imepangwa kwa kunyooka, kibandiko cha bei kinasema samoni wa pori, Norwei, kilo inakaribia elfu themanini. Nikamuuliza kijana, "Samahani kaka, huyu ni wa pori kweli?" "Dada, huyo orijino kabisa, katoka Ulaya juzi tu." Nikamwomba anionyeshe boksi alilokuja nalo. Akasitasita, akaenda nyuma, akarudi nalo, ubavuni limeandikwa kwa herufi ndogo kwamba wa kufugwa. Wala hakubisha, akacheka tu, "Dada bosi ndo anaandika vibandiko." Mi sina ugomvi na samaki wa kufugwa, sato wa kufugwa tunakula kila siku na ni mtamu. Ugomvi wangu ni kunitoza bei ya pori kwa samaki aliyekulia kwenye kizimba. Norwei ndo wakubwa wa kufuga samoni duniani, wanatoa tani zaidi ya milioni moja kwa mwaka, wakati samoni wao wa mtoni wana hali mbaya kiasi kwamba kiangazi cha 2024 serikali ilifunga uvuvi kwenye mito 33. Chawa wa samaki kutoka kwenye vizimba na wale wanaotoroka wakazaliana na wa mtoni ni sehemu ya tatizo. Kwa hiyo ukiona mnofu wa Norwei umebandikwa pori, omba boksi. Wa Alaska yeye ni rahisi, sheria ya kule imepiga marufuku ufugaji wa samaki wa aina hiyo tangu 1990. Ila tusidanganyane, baadhi ya samoni wa Alaska, hasa wale wa aina inayoitwa pinki, wa bei ya chini, wanaanguliwa kwenye vituo afu wanaachiwa wakakulie baharini, na kwenye kopo bado wanaitwa wa pori. Ndo maana mi nachukua mwekundu.

Wengi mtasema, dada, pori au kizimba, tumboni si ni kulekule? Nami ningesema hivyo kama nisingekaa nikasoma huyu samaki anahitaji nini ili awepo. Anahitaji mto mzima, kuanzia baharini mpaka vijito vya juu milimani. Jike linachimba shimo kwa mkia kwenye kokoto, linataga, linafukia. Yale mayai yanakaa humo miezi ya baridi yakisubiri, na maji yanatakiwa yapite katikati ya kokoto muda wote yakipeleka hewa. Mtu akikata miti juu mlimani, udongo ukashuka, tope likajaa kwenye kokoto, mayai yanakosa hewa yanakufa humohumo. Miti ya ukingoni inatakiwa ili kivuli kipoze maji. Magogo yaliyoangukia mtoni yanatakiwa pia ili yatengeneze vidimbwi vya kupumzikia, na zamani serikali na wakata mbao walikuwa wanayaondoa wakidhani wanasafisha mto! Mwekundu ndo ana masharti zaidi, watoto wake wengi wanakaa ziwani mwaka mmoja au miwili kabla ya kushuka baharini, kwa hiyo mto usio na ziwa mara nyingi haumfai.

Wazungu wenyewe waliharibu mito kama hiyo bila huruma, na sasa wanailipia. Mfano ninaoupenda mimi ni mto Elwha, jimbo la Washington, Marekani, unaotoka milima ya Olympic. Mwaka 1913 wakamaliza bwawa la kwanza, kama kilomita 8 tu kutoka baharini, 1927 la pili juu zaidi mtoni, lenye kimo cha mita 64, yote ya umeme, na hawakuweka ngazi ya kupandia samaki ingawa sheria ya jimbo ilikuwa inataka njia ya samaki. Mto uliokuwa unakadiriwa kurudisha samaki kama 400,000 kwa mwaka ukabaki na elfu chache wanaogonga kichwa kwenye zege. Wenye mto wao, kabila la Lower Elwha Klallam, wakapoteza chakula na wakapoteza pia eneo wanaloamini ndiko walikoumbwa, lilimezwa na bwawa. Wakapiga kelele miaka na miaka. Bunge la Marekani likapitisha sheria ya kuurudisha mto mwaka 1992, hela zikachukua muda, vijiko vikaanza kazi Septemba 2011, bwawa la chini likaisha 2012 na la juu 2014.

Kilichonivutia ni namna walivyofanya. Nyuma ya zile kuta kulikuwa na mchanga na tope zaidi ya mita za ujazo milioni 20 zilizojikusanya karibu karne nzima, ungebomoa mara moja ungeua mto wote wa chini, kwa hiyo bwawa la juu wakawa wanalipunguza kidogokidogo, wanasimama wakati samaki wanapita, wanaendelea tena. Mto ukawa rangi ya chai ya maziwa kwa muda, watu wakalalamika, afu ule mchanga ukaenda kutengeneza ufukwe mpya pale mto unapoingia baharini, ambapo ufukwe ulikuwa umeliwa kwa sababu mchanga ulikuwa umezuiwa juu. Kule yalikokuwa mabwawa wakapanda miche ya asili ya eneo hilo, laki kadhaa, na kabila lenyewe lilikuwa limeshaanza kupanga magogo kwenye mto wa chini ili vidimbwi virudi. Lile eneo lao la kuumbwa likaonekana tena 2012. Mradi mzima uligharimu karibu dola milioni 325. Walipata na bahati, sehemu kubwa ya mto wa juu iko ndani ya hifadhi ya taifa, kwa hiyo huko juu hapakuwa na kilichoharibika, samaki walikuwa wamefungiwa mlango tu, na nyuma ya mlango kuna zaidi ya kilomita 110 za mto na vijito.

Na jamani, uvumilivu. Walifunga uvuvi kabisa, hata kabila lenyewe likakubali kutovua mto wao wenyewe, kuanzia 2011. Kwa mara ya kwanza wakavua kidogo mwaka 2023, samoni aina ya coho, kwa ajili ya chakula na sherehe zao. Miaka kumi na mbili mtu anakaa kando ya mto wenye samaki wanaorudi na hatupi nyavu! Huku kwetu ukifunga ziwa miezi mitatu simu zinaanza kupigwa kwa mkuu wa mkoa, na siwalaumu, watoto wanakula kila siku.

Baada ya hapo wakaenda kwenye mto Klamath, mpakani mwa Oregon na California, wakatoa mabwawa manne, kazi ikaisha 2024. Mwaka 2002 mto huo ulikuwa umeua samoni makumi ya maelfu, maji machache, ya moto, magonjwa. Oktoba 2024, wiki chache tu baada ya kuta kutoka, samoni aina ya chinook wakaonekana Oregon kwenye sehemu ambayo hawakuwahi kufika tangu 1912. Kwamba pua bado zinafanya kazi.

Ila bwawa siyo adui pekee na watu wanapenda kusahau hilo kwa sababu kubomoa bwawa kunapendeza kwenye video. Adui mwingine ni kalavati. Ndiyo, kalavati hilihili la barabarani. Huku Dar kalavati likipitisha maji ya masika bila kuzoa barabara tunampongeza mkandarasi. Kule bomba limewekwa juu kidogo ya kijito, maji yanadondoka kutoka mdomoni kama kutoka kwenye gata, samaki hawezi kuruka kuingia, au ndani mkondo unakimbia mno hapati pa kupumzika, basi kilomita kadhaa za mazalia zimekufa bila mtu kuona. Makabila ya Washington yakalishtaki jimbo, yakisema mikataba ya miaka ya 1850 iliwapa haki ya kuvua, na haki ya kuvua bila samaki ni karatasi tu. Kesi ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani, majaji wakagawanyika wanne kwa wanne mwaka 2018, kwa hiyo hukumu ya chini ikasimama na jimbo linalazimika kutengeneza makalavati kwa mabilioni ya dola.

Na kuna mahali mto hauna ukuta wa kulaumu hivyo na bado samaki hawaji. Mto Yukon, unaopita Kanada na Alaska, chinook wamepungua mpaka 2024 nchi hizo mbili zikakubaliana kufunga uvuvi wake miaka saba. Maji yanapata joto, bahari imebadilika, mambo mengi kwa pamoja. Familia za huko zilizozoea kukausha samaki kwa moshi wa kuwatoa majira ya baridi sasa zinanunua chakula dukani kama mimi.

Kwa hiyo mwekundu wa kwenye kopo anatoka wapi? Wengi wanatoka ghuba ya Bristol, Alaska, ambako mito na maziwa havijaguswa sana, na mwaka 2022 samaki waliorudi walikaribia milioni 79, rekodi. Kampuni zilitaka kuchimba dhahabu na shaba juu ya mito hiyo, mvutano wa miaka, na Januari 2023 mamlaka ya mazingira ya Marekani ikaweka zuio. Hapo ndo hesabu yangu ya elfu ishirini inapokaa sawa. Kule wavuvi wana hoja ya kupinga mgodi kwa sababu samaki wao wana soko. Mimi wa Tabata sina kura Alaska, ila mtu akiniuzia wa kizimba kwa jina la pori, ile hoja yao inaibiwa na mjanja mmoja mwenye kalamu ya kuandikia bei.

Na mama mkwe sasa, nilivyokuwa namsimulia haya yote huku anakula, akasema tu, "Mwanangu, si ndo ningu huyo?" Wa Kanda ya Ziwa mnamjua ningu. Mvua zikianza alikuwa anapanda kutoka ziwa Victoria kwenda kutaga mitoni, mto Mara, Kagera, na watu wakawa wanamtegea nyavu palepale mdomoni mwa mto akiwa na mayai, miaka nenda rudi, mpaka leo kumpata ni kazi. Hakuna aliyemtengea dola milioni mia tatu. Hata Rufiji, umeme wa bwawa la Nyerere tunauhitaji, megawati 2,115 si mchezo na nani anataka kurudi kwenye mgao, ila kamba wa delta wanategemea maji na tope la mto huohuo, na ningependa kuona mtu anatuambia kila mwaka wamevuliwa wangapi kabla na baada, kwa namba, siyo kwa hotuba.

Haya, turudi kwenye manunuzi. Kopo la mwekundu nalipa nyota nne, ya tano nimeikata kwa bei na chumvi. Kopo la pinki nyota tatu, ni laini zaidi, limepoa ladha, ila kwa katlesi za watoto linatosha na unaokoa elfu kadhaa. Mnofu wa Norwei kama mnofu ni mtamu tu, una mafuta, unakaanga bila shida, nyota tatu na nusu ukiuzwa kwa jina lake halisi. Duka lenyewe mbili, na moja kati ya hizo ni ya yule kijana aliyekubali kwenda kuleta boksi.

Dukani angalieni vitu hivi: kopo lisiwe limevimba wala kubonyea kwenye mshono, tarehe ya mwisho iwe mbele sana maana haya yanakaa miaka, na nchi ya uvuvi iwe imeandikwa, siyo nchi ya kufungashia peke yake, kuna samaki anavuliwa huku anasafirishwa kule kufungwa afu lebo inataja kule tu. Ukishafungua, kinachobaki hamishia kwenye bakuli la kioo lenye mfuniko, friji siku mbili au tatu. Umeme ukikatika usiku kucha usijaribu bahati yako, mpe paka.